Mtoto wa Ziwani Asiyekula Samaki

Kama unasoma haya huku unajikuna, karibu. Nakujua. Unaanza kistaarabu, kwa ncha za vidole, ukidhani watu hawaoni. Halafu zinaingia kucha. Halafu unatafuta kona ya ukuta, unageuza mgongo na kusugua kama ng'ombe mwenye kupe, na hapo heshima yote imekwisha. Ukuta wa nyumba yetu kule Ilemela una mahali palipong'aa kwa kazi ya mgongo wangu. Hilo lilinichukua karibu miaka miwili. Sasa nimepona kwa namna ya ugonjwa huu, maana yake ni kwamba najua kinachonidhuru na tunakaa mbali mbali. Ninaandika kwa ajili yako wewe ambaye bado umekaa kwenye benchi la hospitali, hujui unaumwa nini, na kila jirani ameshaupa ugonjwa wako jina lake.

Mambo ya damu na kinga ya mwili sitayaeleza, sikuyasomea. Nitasimulia nilivyoishi. Na nitamsifu sana mama yangu, kwa hiyo kama huwezi kuvumilia mtu anayemsifu mama yake, acha kusoma hapa hapa.

Jina langu ni Nyangeta. Baba yangu, Magesa, alikuwa Mjita wa Majita, upande wa Mara, mvuvi aliyetuhamishia Mwanza nikiwa mdogo na kutujengea nyumba ya vyumba viwili juu ya mawe. Mama ni Mkerewe. Kwa watu wetu samaki ndiye chakula, ugali unamsindikiza tu. Mtoto akianza kutambaa hulambishwa mchuzi wa sato. Mama aliyejifungua hupewa supu ya samaki. Aliyefiwa, supu ya samaki. Mgonjwa wa ugonjwa wowote, hata aliyevunjika mguu, supu ya kichwa cha samaki asubuhi na jioni. Nakuomba uikumbuke supu hiyo.

Baba alifariki katika miaka ile ambayo kila redio ilikuwa ikizungumzia soko huria. Mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa, na kando ya ziwa viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota. Nilipata kazi katika kimoja, sehemu ya kuchuna ngozi. Tulivaa mabuti meupe, aproni na kofia, tukajiona watu wa maana. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Mifupa yake na vichwa, ambavyo sote tunaviita mapanki, vilibaki kwetu, na mama aliyanunua na kuyakaanga kwenye karai kubwa chini ya kilima chetu, kando ya barabara. Kwa hiyo mtoto alichuna, mama alikaanga, na jioni wote tulikula. Nyumba nzima ilinuka samaki na hakuna aliyeona ajabu.

Ugonjwa ulianzia mikononi, wakati wa mvua za vuli. Vidole viliwasha ndani ya glavu. Nikasema ni sabuni. Kisha yakatokea mabaka mekundu yaliyovimba, kwenye shingo, tumbo, mapaja. Yalikuja, yakakaa saa mbili tatu, yakaondoka bila kuacha alama, hata nikifika kwa daktari sikuwa na cha kumwonyesha. Hili ni teso la pekee la ugonjwa huu: unakaa kwenye foleni tangu asubuhi ukiwa umevimba kama andazi, jina lako linaitwa saa saba mchana, na wewe umeshakuwa mrembo. Daktari mmoja alinitazama, akaitazama foleni iliyobaki, akaniuliza kwa upole kama nina matatizo nyumbani.

Nilitibiwa minyoo. Nilitibiwa malaria, ambayo Mwanza hutibiwa kwanza kabla hujasalimia. Katika zahanati moja nilipewa dawa ya upele, ile ya maji maji meupe ya kupaka mwili mzima, na ngozi yangu iliyokuwa imechubuka ikawaka moto hadi nikatoka nje nikiwa na khanga moja, nikakaa juu ya jiwe nipigwe na upepo wa ziwa. Wanawake waliokuwa wanateka maji waliniamkia kama kawaida. Niliitikia kama kawaida. Nikicheka leo ni kwa sababu sikuweza kucheka siku ile.

Nilikonda. Kope zilivimba nikawa naamka na macho ya mtu aliyelia. Nikiwa kazini nilipiga chafya mfululizo, na hewa ya kwenye meza za kukatia, ile yenye unyevunyevu wa samaki, ilinibana kifua. Na kadiri nilivyokonda ndivyo mama alivyozidi kunipikia supu. Alinichagulia kichwa kikubwa kuliko vyote, cha kuuza akakificha, akakichemsha kwa limao na kitunguu mpaka mchuzi ukawa mzito. Alinishikia bakuli. Akinisubiri nimalize alinisugua mgongo kwa kiganja kilicho wazi ili kucha zisinichubue.

Siku niliyokaribia kufa ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani. Nilikuwa na homa ya mafua, basi. Mama akaleta supu. Nilikunywa nusu bakuli nikasikia midomo inawasha, kisha ulimi ukawa mkubwa kuliko mdomo. Nilitaka kumwambia mama, ikatoka sauti ya mtu mwingine, nzito, kama ya mlevi. Kifua kilifunga. Namkumbuka mama akiweka bakuli chini taratibu, pasipo kumwaga, kisha akipiga ukunga uliosikika mpaka ufukweni.

Nyumba za juu ya mawe ya Ilemela hazifikiwi na gari. Majirani wanne waliniweka kwenye kiti cha baba, wakanishusha kwenye yale mawe, wawili mbele wakitembea kinyumenyume. Hakuna aliyeteleza. Mpaka leo nikipita pale huwa najiuliza walikanyaga wapi. Barabarani walisimamisha gari la kubeba mchanga. Hospitalini muuguzi aliniangalia mara moja tu, hakuuliza kadi, akanichoma sindano pajani, wakanitundikia dripu. Baada ya muda nikasikia hewa inaingia, na hewa hiyo ilikuwa tamu. Yule muuguzi sikupata jina lake. Alimwambia mama, "Huyu kuna kitu alichokula kimemkataa. Mtafuteni mtu atakayewasaidia kukijua. Safari nyingine msimpe hata dakika tano nyumbani."

Mama alifikiria njia nzima. Tulipofika akasema, "Itakuwa ni limao."

Aliyetusaidia tulimpata Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Tabibu Kulwa alikuwa mzee wa Kisukuma aliyestaafu serikalini, na watu binafsi waliporuhusiwa tena kuendesha zahanati akafungua yake, vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo. Alivaa kandambili kazini na alikuwa na kalamu tatu mfukoni, moja tu ikiandika. Alikuwa na jambo ambalo sikuwa nimelikuta kwa mganga yeyote: hakuwa na haraka. Benchi lake lilikuwa limejaa, lakini ukishaingia ndani ni kama mko wawili tu Kisesa nzima.

"Mwangaluka," alitusalimia kwa Kisukuma. Akanitazama mikono, mbele na nyuma. "Unakula nini, binti?"

"Shikamoo. Chakula cha kawaida tu."

"Marahaba. Kawaida ya nani? Kawaida yangu mimi ni michembe ya viazi na maziwa."

"Ugali na samaki."

"Jana?"

"Samaki."

"Juzi?"

"Samaki, mzee."

"Na ukiumwa?"

Mama alijibu kwa fahari, "Nampikia supu ya kichwa cha sangara, daktari. Asubuhi na jioni. Hiyo sijamkosesha hata siku moja."

Tabibu akaweka kalamu mezani. Hakucheka, na kwa hilo namheshimu. Alimgeukia mama, akaongea naye kana kwamba mimi sipo. "Mama, mtoto huyu ana aleji. Mwili wake umegombana na samaki. Alikula miaka yote salama, ndiyo, lakini sasa umegombana naye, na hatujui kama utapatana tena."

"Samaki?" mama aliuliza. "Huyu ni Mjita, daktari."

"Naona. Na mwili wake haujui kabila lake."

 Kisha mama akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namuua?"

"Wewe ndiye uliyemleta hapa," Tabibu alisema. Akafungua droo, akatoa daftari dogo la shule, akampa mama, si mimi. "Wiki nne asiguse samaki wala mchuzi wake. Asijaribu kuonja ili kuhakikisha, kwa koo lile lililovimba tusicheze. Wewe andika kila anachokula, kila anapokaa, na saa anayojikuna. Nataka kujua kama kuna kingine."

Akanipa vidonge vidogo vya kuzuia mwasho, akanionya vinasinzisha na nisishike kisu nikiwa nimevimeza. Akanipa na dawa ya majimaji yenye rangi ya waridi ya kupaka, ambayo ilinipoza ngozi na kunifanya nionekane nimepakwa rangi ya nyumba.

Mama aliishia darasa la nne. Herufi zake ni kubwa na zinapanda mlima. Daftari lile ninalo hadi leo, na hakuna kitabu ninachokithamini zaidi. "Jumanne. Chai, viazi. Hajajikuna. Jioni maharage. Kajikuna shingo sana. Kwa nini?" Chini yake, kwa kalamu nyingine: "Mafuta. Nilikaangia kitunguu mafuta ya kwenye karai." Hakuna aliyemfundisha. Siku iliyofuata akanunua chupa ya mafuta mapya, akayaweka juu ya kabati kama dawa, na akanitengea sufuria na upawa wangu peke yangu. Wiki ya pili aliandika: "Jumapili sikaangi. Jumapili anahema vizuri. Jumatatu nakaanga, anakohoa." Alisoma maneno hayo kwa sauti, mara mbili, nikiwepo.  Mapanki ndiyo yaliyokuwa yakitulisha, na niliogopa kumwambia aache.

Mimi kiwandani niliacha mwisho wa mwezi. Msimamizi wetu alikuwa mwema, alinihamishia kwanza kwenye kukunja maboksi, lakini jengo lilikuwa moja na hewa moja. Mama alinipa wiki moja ya kuona haya kwa kukosa kazi. Kisha asubuhi moja nilimkuta amekaa juu ya jiwe na karai lake, analisugua kwa majivu na mchanga. Alilisugua mpaka saa nne. Alilichemshia maji, akamwaga, akalinusa, akaanza upya.

"Unafanya nini, mama?"

"Karai hili limenilisha miaka mingi," alisema bila kuinua kichwa. "Sasa litajifunza maandazi."

Wateja wake wa mapanki walimcheka. Wiki za kwanza maandazi yalikuwa magumu ya kuvunjia madirisha, na tulikula yaliyobaki, ambayo yalikuwa mengi. Nilimwambia nitahamia kwa rafiki yangu ili arudie biashara yake. Alinijibu, "Uhame nimsugue nani mgongo?" Mazungumzo yakaishia hapo. Kufikia masika maandazi yake yalikuwa laini, na mimi nilikuwa nimeongezeka uzito, mikono imeota ngozi mpya ya mtoto. Nililala usiku kucha bila kujikuna na nikaamka nikidhani nimekufa.

Laiti yangeishia hapo. Lakini kwetu habari husafiri kuliko samaki, na habari kwamba binti ya Magesa amekataliwa na samaki ilifika Majita kabla yetu.

Lazima nikueleze jinsi wazee wetu wanavyofikiri. Kila ukoo una mwiko wake, mnyama au samaki ambaye watu wake hawali, na anayekula mwiko wa ukoo wake hutokwa na mapele mwilini. Hili kila mtoto anaambiwa. Kwa hiyo walipowaza, walianzia kwenye mapele. Ukoo wa baba hauna mwiko wa samaki yeyote. Kama Nyangeta akila samaki anavimba, basi samaki ni mwiko wa ukoo wake. Basi ukoo wake si huu. Kuna koo za wafugaji huko bara zisizokula samaki. Na nilizaliwa miezi minane baada ya harusi, jambo ambalo Shangazi Perusi, dada mkubwa wa baba, alikuwa amelihifadhi kwa miaka ishirini na minne, likisubiri kazi.

Tulikwenda Majita kumalizia matanga ya baba, miaka miwili baada ya kifo chake. Ni desturi ya nyumba yetu siku hiyo watoto wa marehemu wale sinia moja na ndugu zake. Ukumbi wa nyumba ya babu ulikuwa umejaa. Sinia likaletwa: ugali wa muhogo, na juu yake sato wa kupikwa, mzima, mvuke unatoka. Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, msafi, aliyevaa mikono mirefu hata kwenye jua, na sauti yake haikuhitaji kupandishwa.

"Tumesikia maneno," alisema. "Mimi sipendi maneno ya pembeni. Mtoto wa kaka yangu hakataliwi na samaki. Nyangeta, nawa, ule na sisi. Ukila ukakaa salama, maneno yamekwisha. Ukishindwa, basi mama yako atatuambia ni mtoto wa nani."

Baba zangu wadogo walitazama chini. Nilitaka kuwaambia juu ya Tabibu, juu ya daftari, na hata juu ya sangara, aliyeletwa ziwani juzi juzi tu, ni ukoo gani uliopata muda wa kumwekea mwiko? Maneno yote hayo niliyapata baadaye, kwenye basi. Pale nilimtazama mama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wajane, mikono mapajani, na nilimwona mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Nikafikiri, tonge moja tu. Labda tonge moja halitanifanya kitu. Nilikuwa na vidonge vyangu kwenye fundo la khanga. Nilinawa, nikanyoosha mkono.

Sikumwona mama akiinuka. Nilisikia tu kifundo cha mkono wangu kimekamatwa, kwa nguvu iliyoacha alama siku mbili.

"Huyu hali," mama alisema. Maneno yalitoka yamenyooka. "Wifi yangu, mkitaka kusema si wa Magesa, semeni. Semeni hata kanisani. Mimi najua nilivyoishi na kaka yenu. Lakini sitamlisha mtoto kitu cha kumuua ili nyie mnione mwema."

Akanifuta vidole kwa khanga yake, kimoja kimoja, kama mtoto. Tukatoka. Hakuna aliyetusindikiza. Basi lilipopita Kisesa, mbele ya zahanati ya Tabibu Kulwa, mama alikohoa kidogo tu na kutazama upande wa pili. Nilijua alichoacha kwenye ule ukumbi. Mjane wa Kikerewe aliyezeeka kwa jina zuri alikuwa amelitoa jina lake ili mimi niheme. Niliona aibu na nilijivuna, vyote kwa pamoja, na sijawahi tena kumpenda mtu kama nilivyompenda siku ile.

Miezi ikapita. Masika yakaisha. Nilikuwa naenda Kisesa kila mwezi kwa ajili ya kifua, ambacho kilichelewa kupona kuliko ngozi. Siku moja Tabibu aliuliza, akiandika, "Nyumbani kwenu nani mwingine anajikuna? Au ana pumu, au chafya zisizoisha? Vitu hivi hupenda kutembea kwenye familia."

"Upande wangu hakuna," mama alisema. Kisha akasita. "Baba yake alikuwa na ukurutu kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Na kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi wakati wa baridi."

Nilishika mkono wake. "Mama! Tuwaandikie Majita!"

"Hatuandiki," alisema. "Anayetaka kujua atauliza."

Nilikasirika naye wiki nzima. Leo naona alikuwa na haki, ila siku zile niliona ni kiburi.

Kiangazi kilipokolea, upepo ukiwa mkavu na vumbi jingi, Shangazi Perusi alishuka kwenye basi Mwanza akiwa anahema kwa shida. Hospitali za huko kwao zilikuwa zimemchosha. Jijini hapa hakuwa na kwa kufikia ila kwetu. Alipanda yale mawe akipumzika kila hatua tano, na mama alipomwona kutoka juu, alishuka, akambebea mzigo, akamshika kiuno. Walipofika alimkalisha kwenye kiti cha baba, kile kile nilichobebewa. Nilimwamkia shangazi kwa sababu nilifundishwa adabu, na si kwa sababu nyingine. Mama akasema, "Kesho Nyangeta atakupeleka kwa Tabibu wetu Kisesa."

Kwa hiyo ni mimi niliyekaa naye kwenye benchi lile. Asubuhi nzima, bega kwa bega. Nilimsikiliza kifua chake. Ile filimbi niliijua. Niliisikia utoto wangu wote kupitia ukuta wa chumba cha baba, na ghafla nikataka kulia, kwa sababu sikuwa nimeisikia tangu alipokufa.

Ndani, Tabibu alimpima, akamwambia, "Pandisha mikono ya gauni, mama."

Shangazi alisita. Kisha akafungua vifungo, akapandisha. Ndani ya viwiko vyote viwili ngozi ilikuwa nene, nyeusi, imechanikachanika, kazi ya kucha ya miaka sitini. Ndipo nilipoelewa ile mikono mirefu kwenye jua.

"Tangu lini?"

"Tangu utoto. Tulikuwa tunajikuna wote wawili, mimi na kaka yangu Magesa. Mama yetu alitufunga vitambaa." Alihema kidogo. "Na baba yetu pia. Sisi ni watu wa kuwashwa, daktari."

Tabibu Kulwa alichukua ile kalamu inayoandika. Hakujua lolote kuhusu sinia la Majita, mama hakuwa amemwambia mtu. Aliandika, akaninyooshea kidevu, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Basi huyu binti hakuokota. Ni ugonjwa wenu huo huo, kwake umekuja na samaki. Ungemwona alivyokuja, ungejua tu ni mtoto wenu."

Najua, aleji si cheti cha kuzaliwa. Wenye kujikuna duniani ni wengi na si wote ni Wajita wa Majita. Tabibu angekuwa wa kwanza kusema hivyo kama angeulizwa. Lakini Shangazi Perusi alikuwa mtu wa ishara, na ishara ndiyo iliyomhukumu mama. Alikaa na mikono yake wazi mapajani, akiitazama, kisha akaitazama yangu.

Tulirudi Ilemela. Alikuwa na dawa yake mpya ya kuvuta kwa mdomo, na aliishika mkononi njia yote. Tulipofika mama alikuwa ameandaa. Kwa heshima ya mgeni alikuwa amemnunulia shangazi sato, akampikia nje, mbali, upande usiovuma upepo, akamwekea kwenye sahani yake na kuifunika. Kwetu sisi kulikuwa na ugali na maharage kwenye sinia.

Shangazi alinawa. Alifunua ile sahani, akaitazama, akaifunika tena na kuisogeza mlangoni.

"Wifi," alisema, "mtoto wa kaka yangu hawezi kula hiki, na wewe unaniletea mimi?" Akavuta sinia la maharage katikati yetu watatu. Kisha akapandisha mikono ya gauni juu ya viwiko, mbele ya mama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu, na akasubiri.

Mama alinawa pia. Alichelewa kidogo kukaa. Alimega tonge la kwanza, akachovya, akampa shangazi mkononi, la pili akanipa mimi, ndipo akala yeye. Hakuna aliyetaja Majita. Shangazi alipomaliza alisema maharage yamezidi chumvi, na mama akasema ndiyo, yamezidi.